Jina Alilokuwa Nalo Babu

Mwezi uliopita, baada ya kumaliza kusahihisha mitihani, nilipanda Milima ya Usambara Mashariki hadi Amani, wilayani Muheza. Nilikwenda kutembea msituni na kutazama ndege. Nilibeba darubini ya kuazima, kitabu cha ndege na, nakiri, kiburi kidogo cha shahada.

Tulianza alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya mashamba ya chai, tukashika njia ya kilima cha Mbomole. Kiongozi wetu, kijana wa kijiji jirani, hakuwa na kitabu wala darubini. Alisimama, akainua kidole. "Sikiliza, Dokta." Mimi nilisikia msitu, yeye alisikia ndege wanne. Niliyemtambua mwenyewe ni hondohondo tu, maana mvumo wa mbawa zake haufichiki.

Kisha akanionyesha kichaka alimolia ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu, asiyejulikana kwingine duniani ila hapa na kaskazini mwa Msumbiji. Wanasayansi humwita Artisornis moreaui, kwa heshima ya Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya utafiti Amani katika miaka ya 1930. Nikamuuliza kijana wazee wao walimwitaje.

"Babu alikuwa na jina lake," akajibu. "Sikumuuliza mapema."

Jibu lile lilinielemea njia nzima. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapa mwaka 1902. Tangu hapo elimu ya msitu huu imeandikwa zaidi kwa lugha za wageni, na sisi wahadhiri tumeirithi tabia hiyo: mwanakijiji tunamhoji kwa Kiswahili, kisha tunachapisha asichoweza kukisoma.

Tusisahau kwamba Mto Sigi, unaoanzia milimani humu, ndio unaolinywesha jiji la Tanga. Tangu hifadhi itangazwe mwaka 1997, jirani wa msitu amekatazwa kukata mti humo ili wa mjini afungue bomba. Tunayemdai kiasi hicho, hatustahili kumuuliza pia anachokijua?

Nimebadili zoezi la wanafunzi wangu. Likizo hii kila mmoja atamwendea mzee wake, aandike majina ya ndege kumi katika lugha ya nyumbani. Nilianza mimi, nikampigia simu mama kijijini. Alinitajia kumi na manne. Tisa kati yake sikuwahi kuyasikia.