Samsara ya Shangazi

Chupa ni nyekundu, ndani mmebaki kama vidole viwili. Samsara ya Guerlain, iliyotoka 1989, kabla sijazaliwa. Shangazi aliivaa Jumapili na kwenye mazishi.

Nilijipulizia mara moja tu, mkononi. Mwanzo ni mbaya, nisidanganye: marashi yakizeeka, harufu ya juu ndiyo huharibika kwanza, hivyo yalinuka kama rangi ya kucha. Ngoja dakika 10. Yasmini inaingia, na langilangi, lile ua wanalovaa akina mama wa Pwani. Halafu msandali, mzito, laini kama siagi, ukakaa kwenye sweta hadi kesho yake. Kwa matatu jamaa mmoja alifungua dirisha. Shauri yake.

Shangazi ndiye aliyelipa karo yangu mihula mitatu. Nilipoacha chuo sikumwambia. Alisikia kwa watu. Hatujaongea, huu mwaka wa pili. Hii chupa aliituma na binamu, imefungwa kwa gazeti, bila neno.

Nimeandika meseji: "Shikamoo Shangazi. Yamefika. Bado yananukia." Nimeifuta mara mbili, nikaiandika tena. Ni saa sita usiku, atakuwa amelala.