Bei ikipanda, deni nalo hupanda

Siku hizi Mbinga mtu hahitaji kusafiri ili awe na maoni juu ya dunia. Simu inatosha. Februari 2025 kahawa ya arabika ilipovuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York, bei ambayo haikuwahi kuonekana, ukame wa Brazil ulijadiliwa vijiweni kama mvua ya Litembo. Agosti mwaka huohuo Marekani ilipoziwekea bidhaa za Brazil ushuru wa asilimia 50, kila mwenye bando akawa mchumi. Huyu anasema bei itapaa, yule anasema itaanguka, na wa tatu ana video ya mshauri wa biashara aliyevaa suti, anayewataka wakulima wang'oe kahawa wapande parachichi. Mparachichi wa kupandikizwa nao unataka kama miaka 3 kabla ya kuzaa vizuri. Watoto watakula nini katikati hapo, video haisemi.

Huku chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, ubishi ni wa mpaka. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 na kusema maji yote hadi ufukweni ni yake. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Ubishi huo hauishi leo wala kesho, na mvuvi anayetoka usiku kutafuta dagaa hausubiri.

Liuli ina kisa chake kuhusu habari za dunia. Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia hapo na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Mwingereza, Rhoades, alikuwa rafiki yake, ila simu ya maandishi ilikuwa imemfikia yeye kwanza. Aliyetangulia kujua ndiye aliyeshinda.

Wengi wanaamini mambo bado yako hivyo, kwamba mkulima akishajua bei ya New York hawezi tena kupunjwa. Si kweli. Habari sasa inafika kwa wote, lakini uwezo wa kusubiri haununuliwi kwa bando.

Kahawa ya Mbinga huvunwa kuanzia katikati ya mwaka. Shule hufunguliwa Januari. Kati ya Januari na Machi ghala la mahindi linakaribia kwisha, mvua zimekolea, malaria inapiga hodi, na nauli ya bodaboda kumpeleka mtoto hospitali usiku haina punguzo. Hapo ndipo magoma huingia. Mwenye fedha anatoa fedha leo, mkulima anaahidi kulipa kwa kahawa ambayo bado iko mtini.

Tuseme baba amechukua shilingi 200,000 Februari, kwa ahadi ya gunia la kilo 60 za kahawa kavu. Kilo ikiuzwa 4,000 wakati wa mavuno, amelipa 240,000. Ikiuzwa 8,000, amelipa 480,000. Deni limeandikwa kwa kilo, si kwa shilingi. Kwa hiyo ile video ya bei kupaa, ambayo baba anaitazama huku akitabasamu, inamtajirisha mwenye magoma. Familia inayodaiwa magunia ina sababu ya kuiogopa bei nzuri, na hilo hakuna mshauri mwenye suti anayelieleza.

Mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa nao una riba, na wengine huona aibu kujieleza mbele ya majirani. Lakini unahesabiwa kwa shilingi. Bei ya kahawa ikiongezeka, ongezeko hilo linabaki nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo kijiweni halitajwi. Magoma mara nyingi ni mapatano ya watu wawili, wote wanaume. Mama aliyepalilia, aliyechuma na watoto, aliyeanika na kugeuza kahawa juani, anaweza kulijua deni siku gunia linapobebwa. Halafu Februari inayofuata mtoto akichemka homa, ni yeye anayeulizwa fedha zimekwenda wapi. Wapo wanaochelewa kumpeleka mtoto kituoni kwa siku moja au mbili wakitafuta pa kukopa. Kwa mtoto chini ya miaka mitano mwenye malaria, siku mbili ni nyingi mno.

Baba mwenye maoni juu ya Brazil hana kosa. Watoto wanaomsikiliza wanajifunza jiografia bure. Ila maoni hayo hutolewa Julai, wakati kahawa imeshaahidiwa kwa mtu. Mazungumzo yenye faida hufanyika malipo ya mnada yanapoingia, kabla hayajatawanyika, baba na mama wakiwa na daftari moja: mahindi ya kufika Aprili ni magunia mangapi, bima ya afya ya familia inaisha lini, sare na madaftari ya Januari ni kiasi gani, na kama kuna gunia lolote la msimu ujao ambalo tayari lina mwenyewe.