Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Ghadhabu Iuzwayo

Matema, Kyela

Mpwa wangu mpenzi,

Video yako imetufikia huku ziwani, nayo imenihuzunisha mno. Si kwa sababu umenena juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa, jambo ambalo kila Mtanzania ana haki ya kulinena, bali kwa sababu umewatukana Wamalawi kwa kusudi, ukijua fika kwamba watahamaki na kukujibu, na majibu yao yatakuletea watazamaji na fedha.

Naelewa biashara hiyo yaendeshwaje. Facebook, mwaka 2017, ilianza kuihesabu alama ya hasira kuwa na uzito mara 5 ya ile ya kupenda katika kuchagua cha kuwaonyesha watu, hata ikauondoa uzito huo mwaka 2020. Na mtandao wa X, tangu mwaka 2023, huwagawia baadhi ya waandishi wake fungu la mapato.

Wewe wasema huna chuki nao, nami nakusadiki, na hilo ndilo linalonitia simanzi zaidi: mwenye chuki huweza kusuluhishwa na adui yake, lakini huyu aiuzaye chuki asiyokuwa nayo, tumsuluhishe na nani?

Na hao unaowatukana si wageni: Wangonde wa Karonga, huko Malawi, ni ndugu zetu sisi Wanyakyusa, na Mto Songwe ulio mpakani haujapata kuzuia posa wala maziko. Mzozo wa ziwa tuliachiwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wao wa mwaka 1890. Nawe wakumbuka mwaka 2025, Malawi ilipozuia mchele na ndizi kutoka kwetu, na Tanzania mwezi Aprili ikalipiza kwa kuyazuia mazao yao, mpaka serikali zikakaa kuzungumza: walioumia ni wachuuzi wa hapa mpakani Kasumulu, akina mama ambao mali yao huoza ingali njiani. Serikali hupatana, lakini mchuuzi atakayevuka daraja baada ya matusi yako kuenea atatazamwa kwa jicho baya na mteja wake wa miaka mingi, wala hutakuwapo kumfidia.

Basi nakusihi, kwa haki ya ujomba, uifute video hiyo na uwatake radhi hadharani. Na ukitaka kuitetea haki yetu ziwani, uitetee kwa hoja na kwa adabu.

Mimi mjomba wako akupendaye.