Kukatua na Kusiriba: Lugha ya Kutunza Rangi ya Gari

Neno "polishi" tumelibebesha mizigo mingi mno katika Kiswahili chetu. Kuna polishi ya viatu, polishi ya sakafu, polishi ya meza na polishi ya gari. Ukipaka polishi kiatuni, unaongeza kitu: nta na rangi vinakaa juu ya ngozi, vinaziba nyufa na kuipa mng'ao. Ukitumia polishi garini, mara nyingi unaondoa kitu: chembe ndogo ndogo za kusugulia zilizomo ndani yake zinakwangua tabaka la juu la rangi mpaka mikwaruzo isionekane. Neno ni moja, ila vitendo ni viwili, tena vinakwenda kinyume. Ndugu malenga na wapenzi wa lugha, leo naomba mnivumilie nizungumzie makopo ya dukani, kwa kuwa ndani ya makopo hayo nimekuta suala la msamiati linalowagharimu watu fedha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Tanga. Sehemu ya kiinua mgongo changu niliitumia kununua gari dogo lililokwisha kutumika Japani, la rangi ya buluu iliyoiva. Ndilo gari langu la kwanza, na kwa hesabu za mstaafu sitarajii kupata jingine. Upepo wa bahari hapa kwetu una chumvi, jua halina huruma, na kunguru hawachagui pa kuachia kinyesi. Kupiga rangi mwili mzima wa gari kungemeza pensheni yangu ya miezi kadhaa. Kwa hiyo, nilipokwenda kutafuta kitu cha kulinda rangi ile, sikwenda kutafuta urembo. Nilikwenda kama mtu anayetafuta dawa: nikitaka kujua kilichomo, kinachofanya kazi gani, na kinachodhuru nini.

Muuzaji alinipangia makopo na chupa saba mezani. Nilipomuuliza tofauti zake, alinijibu kwa upole wote: "Mama, zote hizi ni polishi, chagua harufu unayoipenda." Sikumlaumu. Alitumia neno alilorithi.

Tuanze na rangi yenyewe. Magari mengi ya siku hizi hayana tabaka moja la rangi. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, juu yake rangi tunayoiona, na juu kabisa vanishi angavu isiyo na rangi. Vanishi hiyo ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayokinga rangi dhidi ya mionzi ya jua. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani sehemu 40 hadi 50 za elfu moja ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani mwako huenda ukawa mnene kuliko ngao hiyo. Kila unapoisugua kwa polishi yenye chembe, unaipunguza, na haioti tena kama ukucha. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo; hapa gogo lenyewe ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango vanishi huwa nyembamba zaidi, na ndiko inakotoboka kwanza.

Yapo pia magari ya zamani, hasa meupe na mekundu yasiyo na chengachenga, ambayo rangi yake ni tabaka moja lisilo na vanishi. Haya yakichakaa hupauka na kuwa kama yamepakwa chaki. Namna ya kuyatambua ni rahisi: sugua kidogo sehemu iliyofichika kwa kitambaa cheupe chenye polishi. Kitambaa kikitwaa rangi ya gari, basi gari hilo halina vanishi. Lakini kama una hakika kwamba gari lako lina vanishi, kisha kitambaa kikatoka na rangi, acha mara moja, kwa maana umekwisha kuimaliza vanishi na sasa unaila rangi yenyewe.

Nta kazi yake ni nyingine. Haiponyi mkwaruzo. Hukaa juu ya vanishi kama kanga juu ya gauni, ikapokea yenyewe vumbi, chumvi, maji na kinyesi cha ndege kabla havijaigusa rangi. Inayosifiwa zaidi ni nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa Brazili ya kaskazini mashariki, ambao ni wa jamii moja na mnazi, mkoche na mvumo wetu. Mti ule huishi katika nchi yenye kiangazi kikali, nao hujipaka nta majanini ili usipoteze maji. Watu huyakata majani, huyakausha, kisha huyapukuta unga wa nta. Nta hiyo ni ngumu sana. Huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 82 hadi 86 za Selsiasi. Ikiwa tupu haipakiki, kwa hiyo kila kopo lake lina viyeyusho, mafuta au nta nyingine za kuilainisha.

Msomaji atauliza: na nta ya nyuki je, hii ya kwetu itokayo miombo ya Tabora na Katavi? Ni nta njema kwa uzi wa mshona viatu, kwa mishumaa na kwa batiki. Lakini huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 62 hadi 65, na bati la gari lenye rangi iliyoiva likianikwa juani adhuhuri huweza kufikia joto la namna hiyo. Nta iliyolegea hunasa vumbi. Nilipenda sana iwe vinginevyo, kwa kuipenda nchi yangu na nyuki wake, ila peke yake haitoshi kuwa mlinzi wa boneti.

Kundi la tatu ni vizibaji vya viwandani, vyenye polima zinazoshikamana na vanishi. Karnauba hudumu kwa majuma kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu gari likitunzwa. Kizibaji kizuri huipita. Kundi la nne ni mipako yenye silika, ambayo huganda ikawa ngumu na kudumu muda mrefu zaidi. Bei yake ni kubwa, na huhitaji rangi iandaliwe vyema kabla, kwa kuwa mkwaruzo ulioachwa chini yake utabaki humo kama mdudu ndani ya ulimbo.

Mtego mkubwa umo katika kundi la tano: bidhaa zinazojiita nta huku zimechanganywa na chembe za kusugua, ili kusafisha na kulinda kwa mkono mmoja. Zina faida yake kwa gari lililochoka linalosuguliwa mara moja kwa mwaka. Lakini mtu anayezipaka kila juma kwa kudhani anaongeza ulinzi, anaiparua rangi kila juma. Pia mtu asidhani kwamba haba na haba hujaza kibaba katika nta. Tabaka la pili husaidia kufunika palipokosewa. La nne na la tano huishia kwenye kitambaa.

Sasa turudi kwenye lugha, maana hapo ndipo kiini cha jambo. Je, ni kweli kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutenganisha kuondoa na kuongeza? Wazee wetu wa pwani walikuwa na vyombo vya baharini vilivyohitaji matunzo kuliko gari lolote. Jahazi lilipopandishwa ufukoni, lilikwanguliwa kwanza, likakalafatiwa, ndipo likapakwa. Sehemu ya chini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Mbao nyingine zilipakwa sifa. Naam, sifa: mafuta ya papa, neno linalotamkwa sawasawa na lile la kumsifu mtu. Hakuna baharia aliyechanganya kukwangua na kupaka sifa, kwa kuwa kila kitendo kilikuwa na jina lake, na aliyechanganya alizama.

Seremala naye ana msasa, neno lililotokana na mti ambao majani yake makavu yana makali ya kulainishia mbao. Msasa huondoa, vanishi huongeza. Na mhunzi ana kitenzi kizuri tulichokisahau: kukatua, yaani kusugua madini mpaka yang'ae. Bibi zetu walikatua sinia za shaba kwa majivu na ndimu. Kila aliyewahi kukatua sinia anajua kwamba baada ya miaka mingi nakshi hufifia. Kilichong'arisha ndicho kilichokula. Upande wa pili tuna kusiriba, yaani kupaka kitu juu ya kingine mpaka kikienee, kama ukuta unavyosiribwa udongo au chokaa.

Basi napendekeza hivi: kinachokwangua tukiite dawa ya kukatulia, na kinachofunika tukiite nta ya kusiribia. Neno polishi libaki kwa viatu, ambako halimdhuru mtu.

Huenda mtu akaona kwamba huu ni ubishi wa wazee wasio na kazi. Nitaje kisa kimoja. Kijana niliyemfundisha kidato cha pili huosha magari karibu na soko. Si mvivu wala si mjinga. Insha zake zilikuwa na mpangilio mzuri. Alinunua chupa ya dawa ya kukatulia, iliyoandikwa maelezo yote kwa lugha ya kigeni, akaambiwa dukani kwamba ni polishi nzuri. Naye akaitumia kama anavyotumia polishi ya viatu: kila Jumamosi, kwa nguvu, kwenye gari jeusi la mteja wake wa kudumu. Kwa wiki za mwanzo gari liling'aa, mteja akafurahi, bakshishi ikaongezeka. Kisha ukingo wa boneti ukapauka, ukafanya baka la kijivu lisilotoka kwa maji wala kwa sabuni. Mteja alidai alipwe gharama za fundi wa rangi. Kijana alilipa kidogo kidogo kwa miezi minne, na mteja hakurudi.

Alipokuja kunieleza, aliamkia, "Shikamoo, mwalimu," kisha akaketi kimya kwa muda. Hakuuliza kuhusu rangi. Aliuliza, "Mwalimu, mbona neno ni lile lile?" Katika miaka yangu yote ya kushika chaki, sijaulizwa swali la semantiki lililolipiwa ghali kama hilo.

Nilimfafanulia niliyoyaeleza hapo juu. Na kwa kuwa mkono wenye majimaji hauwezi kufungua daftari kila mara, nilimwandikia ubeti mmoja kwenye kipande cha boksi, autundike juu ya pipa lake la maji:

Kukatua ni kutoa, hakirudi kilotoka,
Nta huja kuokoa, juu yake ukipaka,
Usianze penye doa, anza palipofichika,
Jina moja labomoa, mawili twasalimika.

Wenzangu wa mizani watakumbuka kwamba "nta" huhesabiwa mizani mbili, kwa kuwa ile "n" inasimama kama silabi kamili. Ubeti huo hauna makubwa, ila sasa vijana watatu wa pale wanaukariri, na wamenunua vitambaa viwili vya rangi tofauti: kimoja cha kukatulia, kingine cha kusiribia.

Mimi mwenyewe nimechagua hivi. Gari langu lina vanishi ambayo imekwisha kuliwa na miaka kabla halijafika mikononi mwangu, kwa hiyo dawa ya kukatulia siigusi, isipokuwa kwa mkwaruzo mmoja mmoja, kwa mkono, tena ile yenye chembe laini kabisa. Mikwaruzo midogo ya paani nimeiacha. Nami nina yangu usoni. Naliosha kwa sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, kwa kuwa sabuni kali ya vyombo huiondoa nta. Naanza kwa kumwagia maji mengi ili vumbi lisije likageuka msasa chini ya kitambaa. Siliachi lipanguswe kwa dizeli wala mafuta ya taa, maana mng'ao wake ni wa siku moja na vumbi lake ni la juma zima. Kila baada ya miezi mitatu nasiriba kizibaji cha polima kivulini, bati likiwa limepoa, tabaka jembamba. Najua muda umewadia ninapomwagia maji: yakisimama kama matone juu ya jani la gimbi, kinga ingalipo, yakitandaa na kulala, imekwisha.

Bado sina neno la ule udongo laini wanaoutumia mafundi kunasa chembe zilizoganda juu ya rangi kabla ya kupaka nta. Hupitishwa polepole juu ya bati lililolowa, ukaliacha laini kama kioo. Nimejaribu "udongo wa kunasia", ila sijaridhika nalo. Kama huko Lamu, Pemba, Kilwa au Bukavu lipo neno kwa kitendo cha namna hiyo, katika ufinyanzi, katika uashi au katika vyombo vya baharini, tafadhali leteni. Kuna vijana watatu karibu na soko wanaolisubiri.