Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Mizizi Iliyo Vyunguni

Toronto, 5 Oktoba

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi mno kusikia kuwa ile mibluberi uliyoipanda vyunguni, kwenye roshani yako huko Chicago, imezaa; walakini uliposema kwamba baridi ikiingia utaihamishia sebuleni kwa kuihurumia, niliona sina budi kushika kalamu nikunasihi, kwani huruma ya namna hiyo itaidhuru kuliko theluji.

Sisi tuliolelewa Mombasa, ambao baridi tuliyoijua ni ya kipupwe tu, aghalabu hudhani kwamba kila kilicho hai hutaka joto. Mbluberi asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na aina nyingi zinazopandwa pande hizo hutaka saa 800 au zaidi za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ndipo matumba yake yachanue sawasawa. Ukikaa sebuleni majira yote hautazipata saa hizo, na mwakani utakuzalia haba.

Kinachotaka hifadhi ni mizizi. Matawi hustahimili baridi kali, lakini mizizi haikuumbiwa hayo, kwa maana ardhini husitirika ndani ya udongo mwingi usiopoa upesi, ilhali katika chungu kilicho roshanini baridi huizingira pande zote, hata chini. Na mji wenu, ambao Januari 1985 ulishuka karibu nyuzi 33 chini ya sifuri, si wa kuuamini. Ndiyo sababu mti waweza kuonekana mzima mpaka theluji iyeyuke, matumba yakavimba, kisha ukanyauka ghafla, kumbe mizizi ilikwisha kufa zamani.

Basi majani yakisha kuwa mekundu na kupukutika, visogeze vyungu vishikamane kwenye pembe ya ukuta, mahali pasipofika upepo wa ziwani, na uviweke juu ya mbao, visikalie saruji tupu. Vizungushie magunia, na nafasi zilizo baina ya vyungu uzijaze majani makavu au nyasi kavu, hata udongo ufunikwe kiasi cha shubiri moja, ila shina lenyewe usilirundikie lisije likaoza. Matawi usiyafunge kwa nailoni, kwani mchana jua hupasha joto hewa iliyomo, na usiku hewa hiyo hiyo hupoa mno, na mageuzi hayo ndiyo yauayo. Theluji ikiangukia magunia, iache, maana nayo huzuia baridi isipenye. Mwenye nyumba akikupa idhini ya kuviweka katika gereji isiyotiwa joto, hapo ni bora kuliko roshani, na giza halitaidhuru miti isiyo na majani.

Wengi hughafilika na maji. Udongo mkavu hupoa upesi kuliko wenye unyevu, na mizizi huweza kufa kwa kiu katikati ya theluji; kwa hiyo inyweshee vema kabla udongo haujaganda, na siku ambazo barafu imeyeyuka, fukua majani kidogo utie kidole, na ukiona pakavu, umimine maji kiasi. Mbolea usiitie mpaka machipuko, isije ikatoa vichipukizi laini vya kuuawa na jalidi.

Jambo jingine, naomba ulitazame kwa macho yako leo hii. Kwenye ncha za vijiti utaona matumba manene ya mviringo, na chini yake mengine membamba yaliyolalia kijiti. Haya membamba ni ya majani. Yale manene ni maua ya mwakani, yamekwisha kuumbika. Ukizipogoa ncha hizo sasa, umejinyima matunda.

Na ule mlimau wako, huo ndio wa kuingiza ndani, tena mapema, karibu na dirisha lenye mwanga na mbali na mashine ya joto, kwa sababu haupukutishi majani na jalidi hauiwezi.

Nakusihi, mwanangu, magunia hayo uyatafute kabla Novemba haijaingia, usingoje theluji ya kwanza.

Wasalaam,
Mjomba wako