Wasikilizaji wa Kamembe

Kwetu Kamembe, Rwanda, miaka ya 1980, kitabu kilikuwa mali ya msikilizaji kuliko ya msomaji. Msomaji alikuwa mtoto yeyote aliyeweza kufuata mistari bila kukwama. Wenye amri walikuwa wazee waliokaa mkekani, wengi wao hawakujua hata kuandika majina yao. Wao ndio waliosema anza, rudia, ruka hapo, funga tukalale.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kuhesabu. Mjomba aliendesha lori kutoka Bujumbura, akivuka mpaka pale Ruhwa na kupanda kupitia mashamba ya mpunga ya Bugarama. Safari moja, pamoja na vitenge na mawese, alituletea hekaya za Abunuwasi, kitabu kisicho na jalada. Tulikuwa pia na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka mwaka 1969. Hiyo ilisomwa Ramadhani, baada ya tarawehe, na hapo hakuna aliyethubutu kusema ruka.

Abunuwasi ndiye aliyejaza mkeka. Bibi alipenda ile hekaya ya sufuria: Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha na kisufuria kidogo, akidai imezaa; mwenye sufuria anapokea kwa furaha. Mara ya pili sufuria hairudi, kwa kuwa imekufa.

“Rudia pale anapokubali kwamba imezaa, mume wangu,” Bibi angeniambia, maana mjukuu wa kiume kwake ni mume. Nilirudia, naye alicheka kabla sijafika, akitaja kwa jina jirani mmoja mwenye tamaa ile ile.

Kisha alilipa. Akamleta Bakame, yule sungura anayemzunguka fisi Warupyisi kila mara. Alisimulia kwa Kiswahili chetu kilichojaa maneno ya Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi. Wanyama walipoimba, waliimba Kinyarwanda.

Aliyesoma kimya aliulizwa kama anaumwa. Babu aliona hiyo ni kama kula gizani wenzako wakiwa na njaa. Mimi leo nasoma kimya kama watu wote, wala sioni ubaya. Lakini nakumbuka majira ambayo Babu na Baba walinuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba. Salamu zilikatika. Jioni walikaa pembe mbili za mkeka ule ule, na sufuria ilipokufa walicheka kwa pamoja. Ugomvi haukuisha, ila nyumba ilipumua.

Vitabu vile havikuuvuka mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari. Wengi wa wasikilizaji pia hawakuuvuka.

Mwaka uliofuata, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Editions Bakame kule Kigali ili watoto wapate vitabu vya Kinyarwanda. Ndivyo sungura wa Bibi alivyorudi nyumbani kwetu, safari hii akiwa na picha za rangi. Binti yangu humsomea mama yangu, ambaye macho yamepungua nguvu lakini masikio bado.

“Hapo sivyo,” Mama humkatiza. “Fisi hakusamehewa.”

“Bibi, imeandikwa hivi.”

“Basi aliyeandika alisinzia kabla ya mwisho. Sogea nikwambie.”

Binti hasogei mpaka amalize ukurasa wake, na Mama hangoji.