Nani Aliyepiga Hesabu? Mgogoro wa Kimaadili na Jamii za Baadaye katika Hadithi Fupi ya Kisayansi

Miongoni mwa tanzu ambazo uhakiki wa Kiswahili umezipita kando bila hata ya kuzibishia hodi, hadithi fupi ya kisayansi ina nafasi ya pekee. Aghalabu huchukuliwa kuwa ni burudani ya vijana: vyombo vya angani, mashine zinazosema, silaha za miali. Hata pale inapokubaliwa kwamba ina maudhui mazito, mhakiki hukimbilia kuuliza iwapo mtunzi alibashiri sawasawa, kana kwamba mtunzi ni mpiga ramli na kazi ya uhakiki ni kuhesabu mara alizopatia. Swali hilo halina faida kubwa. Jamii ya baadaye inayosawiriwa katika hadithi fupi si utabiri. Ni mzani uliotengenezwa makusudi ili kumpimia mhusika mmoja katika saa moja ya maisha yake. Na mzani, kama ajuavyo kila aliyewahi kununua kitu sokoni, una mwenyewe.

Hadithi inayolidhihirisha jambo hili kuliko nyingine ni "The Cold Equations" ya Mmarekani Tom Godwin, iliyochapishwa mwaka 1954 katika jarida la Astounding Science Fiction. Rubani aitwaye Barton anaendesha chombo kidogo cha dharura kupeleka dawa katika sayari ya mbali, ambako watu sita wanaugua homa na watakufa wasipoipata. Mafuta ya chombo yamepimwa kwa uzito wa rubani na shehena yake, basi, hakuna ziada. Njiani Barton anagundua kwamba kuna mtu amejificha kabatini. Sheria ya safari za anga haina utata: mtu wa namna hiyo hutupwa nje mara tu agunduliwapo. Anayetoka kabatini ni Marilyn, msichana wa miaka kumi na minane, ambaye alitaka tu kumwona kaka yake anayefanya kazi katika sayari hiyo. Aliuona ubao wa kuwakataza watu kuingia, lakini alidhani adhabu yake ni faini. Barton anamtafutia muda mfupi wa kuandika barua na kusema na kaka yake kwa redio, kisha msichana anaingia mwenyewe katika chumba kidogo cha mlango wa nje, na rubani anavuta wenzo.

Wasomaji wengi wa hadithi hii hukubali kwamba ni tanzia ya kweli, na kwamba ubora wake umo katika kukataa kumwokoa msichana kwa hila ya mwisho. Inasimuliwa hata kwamba mhariri wa jarida hilo, John W. Campbell, alimrudishia Godwin mswada zaidi ya mara moja kwa sababu mtunzi alikuwa akivumbua njia za kumwokoa Marilyn. Masimulizi hayo hutolewa kama sifa ya mhariri. Yanaweza kusomwa kinyume. Ikiwa njia za kumwokoa zilikuwepo, na mtu mmoja ofisini akazifunga moja baada ya moja, basi kilichomwua msichana si maumbile. Sheria za fizikia hazijui mhariri.

Isomwe tena hadithi kwa jicho hilo. Nani aliyeamua kwamba chombo cha kuokolea maisha kisafiri bila akiba ya mafuta hata kidogo? Nani aliyeweka mlangoni ubao wa onyo usioeleza kwamba adhabu ni kifo, ilhali kufuli lingetosha? Nani aliyeruhusu chombo kiondoke kabla ya mtu kufungua kabati na kutazama ndani? Zaidi ya yote, rubani ana silaha kiunoni, na kanuni ya kuwatupa watu nje imekwisha kuandikwa na kutiwa nambari ya kifungu. Kanuni haitungwi kwa jambo lisilotarajiwa. Wakubwa wa safari hizo walijua kwamba watu watajificha, wakaona ni nafuu kumpa rubani silaha kuliko kuweka kufuli. Yote haya ni maamuzi ya wanadamu, lakini msimulizi anayapanga mstari mmoja na kani ya mvutano, kiasi kwamba msomaji anayelia mwishoni analia pasi na kumlaumu mtu. Mwaka 2014 mwandishi Cory Doctorow alitoa hoja inayokaribiana na hii, kwamba kuta zinazombana Barton zimejengwa na mtunzi. Hoja hiyo inafaa kusukumwa mbele kidogo: zimejengwa na mtunzi, naam, lakini ndani ya hadithi zimejengwa pia na ofisi fulani, na ofisi hiyo haionekani hata mara moja. Ufupi wa hadithi fupi unaisaidia kujificha. Riwaya ingelazimika kutufikisha katika ofisi hiyo, walau kwa sura moja.

Kiswahili cha pwani kina neno la mtu kama Marilyn: mzamiaji. Vijana wa Mombasa na Dar es Salaam walizamia meli zilizoelekea Ulaya miaka mingi, na neno hilo halihitaji maelezo bandarini. Msomaji anayelijua hawezi kuisoma hadithi ya Godwin kama fumbo la fizikia tupu, kwa maana bahari imekwisha kutoa hadithi yake. Mwaka 1992 mabaharia wa meli ya mizigo MC Ruby, iliyokuwa ikitoka Afrika Magharibi kwenda Ulaya, waliwaua wazamiaji wanane wa Kiafrika na kuwatosa baharini. Kijana mmoja wa Ghana aliponyoka, akajificha ndani ya meli mpaka ilipotia nanga Le Havre. Kesi ilisikilizwa Ufaransa mwaka 1995, na nahodha na wenzake wakatiwa hatiani. Nyuma ya mauaji kulikuwa na hofu ya faini ambazo meli hutozwa zinapokutwa na watu wasio na hati. Hapa pia palikuwa na hesabu: watu kadhaa, fedha kadhaa. Tofauti ni kwamba mahakama haikukubali kuwa hesabu hiyo ilijipiga yenyewe.

Si kila hadithi ya aina hii inaficha. Katika "Harrison Bergeron" ya Kurt Vonnegut, iliyotoka mwaka 1961, usawa wa mwaka 2081 unalindwa na afisa mwenye jina na cheo, naye ndiye anayefyatua bunduki. Hadithi ni kejeli, na kejeli huhitaji mtu wa kunyoshewa kidole. Ila kwa sababu hiyohiyo mgogoro wake ni mwepesi: hakuna msomaji anayetaabika kuchagua upande.

Ursula K. Le Guin alifanya jambo gumu zaidi katika "The Ones Who Walk Away from Omelas", hadithi ya mwaka 1973 iliyopata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Omelas ni mji wenye furaha, na msimulizi anamwomba msomaji waziwazi amsaidie kuujenga: kama unataka mashine fulani ziwepo, ziweke, kama hutaki, ziondoe. Kisha, msomaji akishatia jiwe lake katika ukuta, anaonyeshwa chumba cha chini ambamo mtoto mmoja amefungiwa katika uchafu na njaa. Furaha yote ya mji imesimama juu ya mateso yake, na hata neno moja la huruma kwake litauvunja mji. Wakazi wote wanajua. Wengi hukasirika ujanani, hulia, kisha huzoea. Wachache huondoka kimya kwenda wasikokujua. Le Guin alikiri kwamba fikra hiyo aliikuta kwa mwanafalsafa William James. Alichoongeza yeye ni kumfanya msomaji awe fundi wa mji kabla ya kuwa hakimu wake.

Atakayeitafsiri hadithi hii kwa Kiswahili atakutana na tatizo dogo lenye uzito mkubwa. Kiingereza cha Le Guin kinamtaja mtoto kwa kiwakilishi cha vitu. Kwa mfuatano wa sentensi mtoto anavuliwa utu na sarufi yenyewe. Kiswahili hakina njia hiyo nyepesi. Mtoto yumo katika ngeli ya watu, na "anakaa gizani" humrudishia utu wake kila kitenzi kitokeapo. Mfasiri akisema "kitoto kinakaa" amemdunisha, lakini kwa sauti ya dharau inayosikika, na dharau si uzoefu. Watu wa Omelas hawamdharau mtoto, wamemzoea. Kadhalika chakula chake ni unga wa mahindi na mafuta kidogo, na hapo msomaji wa Afrika Mashariki atajikuta ameketi karibu na bakuli kuliko alivyotarajiwa.

Jina la mji nalo lina mchezo. Le Guin alieleza kuwa alilipata kwa kusoma kinyumenyume kibao cha barabarani cha Salem, mji wa Oregon. Omelas, basi, ni mji wa jirani uliogeuzwa. Katika fasihi yetu Katama Mkangi alicheza mchezo wa jamaa yake katika riwaya ya "Walenisi" (1995): jina la nchi hiyo ya mbali likitenganishwa huwa "wale ni sisi". Riwaya si hadithi fupi, na ulinganishi huu usivutwe kupita kiasi, lakini tukio lake la msingi linafaa kuwekwa kando ya lile la Godwin. Dzombo naye anasukumwa angani afe, akiwa ndani ya chombo kilichokusudiwa kuwa jeneza lake. Hakuna anayemwambia kwamba ni mafuta yaliyopungua. Amehukumiwa na utawala wenye sura, unaomwogopa. Pengine mtunzi aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980 hakuweza kuandika adhabu isiyo na mtoaji.

Swali ambalo Omelas iliwaachia wasomaji ni iwapo kuondoka ni tendo la uadilifu au ni kunawa mikono. Wanaoondoka hawamfungulii mtoto mlango. N. K. Jemisin alilijibu kwa hadithi ya "The Ones Who Stay and Fight", iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 2018. Mji wake, Um-Helat, ni mji wa haki ambamo hakuna mtoto aliyefungiwa. Tishio lake ni habari kutoka katika dunia yetu: fikra kwamba watu wengine wana thamani ndogo kuliko wengine. Anayenaswa na fikra hiyo akaieneza huuawa na maafisa wa ustawi wa jamii kwa mkuki, haraka, wakiwa na majonzi. Msimulizi anamgeukia msomaji na kumsuta: mbona mtoto wa Omelas ulimwamini upesi, na mji huu wa haki huuamini?

Suto hilo linachoma, lakini halimalizi jambo. Um-Helat inakiri hesabu yake na inawataja wanaoipiga, na kwa hilo imeipita meli ya Barton. Hata hivyo hadithi haionyeshi ni baraza gani lililowakabidhi maafisa mkuki huo, wala ni nani anayeweza kuwapokonya. Anayeachwa mbele ya msomaji ni msichana mdogo ambaye baba yake ameuawa mbele ya macho yake. Amekwisha kuambukizwa habari ileile, kwa kuwa ameanza kuchukia. Maafisa hawamuui. Wanamkalia karibu, wanamweleza kwa nini, na kumpa nafasi ya kuja kuwa mmoja wao.